Sikio la Barabara

Nyanjige hakuingia kimya kimya dukani kwa Danford, pale nyuma ya soko la Bariadi. Kimya hakukijua. Alikuwa muuza dagaa wanaotoka Nassa, ziwani, na benchi lake lilijaa watu asubuhi hadi jioni. Nani kaachwa, nani kaposwa, yeye alijua kabla wenyewe hawajajua. Lakini juma lile daktari alimwambia presha imemfika pabaya. Atembee kwa kasi kila siku mpaka jasho limtoke, la sivyo atamfuata dada yake, aliyeanguka na ndoo kichwani asiinuke tena.

"Kutembea naweza," alimwambia Danford. "Kutembea kimya ndiyo siwezi. Nitafutie kitu cha kuniimbia."

"Si una simu, mayu?" Danford akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Simu? Felisita atanipigia kabla sijafika darajani, tukae tukipiga soga mpaka jua liwake. Nataka kisichopigiwa."

Danford akacheka, akamtolea kiredio kidogo kama kiberiti, cha kuchomeka memori kadi, chenye kibanio cha kushikia nguo. "Hiki hakina laini. Kinaimba tu."

Ikabaki kazi ya masikio. Hedifoni kubwa za kufunika masikio zilimteleza shingoni mara tu alipotikisa kichwa. "Hizi za bosi aliyekaa," akasema. Zile za plastiki ngumu zilikaa mlangoni mwa sikio, zikaacha upenyo, akasikia kwaya na pikipiki ya nje pamoja. Mwisho akajaribu zenye mpira laini na ndoano ya kupita nyuma ya sikio. Akaruka-ruka pale dukani mpaka kitenge kikamlegea. Hazikutoka. Na dunia ikazima. Aliona midomo ya Danford ikicheza, neno halikufika.

"Ndizo hizi!" akapiga kelele asijue ni kelele.

Danford akamvua moja. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Mayu, hizi ni za ndani. Za barabarani ni zile zenye upenyo. Umesahau kikao cha Bundala?"

Nani angesahau. Maboma yalikuwa yakiamka bila ng'ombe, na Bundala, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alisimama mbele ya watu akasema maneno machache. Mwano ukipigwa, ule ukelele wa hatari unaopokezana boma hadi boma, kila mwenye miguu aache alichoshika aukimbilie. Atakayeupa mgongo ni mshirika wa wezi. Hakuna aliyedhani anatania. Haukupita muda, mpita njia mmoja akakutwa anaelekea upande usio wake wakati wa mwano. Alirudishwa kwao amefunikwa shuka.

"Zenye upenyo zinadondoka," Nyanjige akasema. "Nitachukua hizi, niache sikio moja wazi. La kulia la kwaya, la kushoto la barabara."

"Uape."

Akaapa, huku anacheka.

Basi kila alfajiri akawa anashika barabara ya Kasoli, pamba ikiwa imepasuka nyeupe huku na huku, kwaya kulia, barabara kushoto. Presha ikaanza kushuka. Lakini sikio halilali na njaa, na lile la kushoto likaanza kula visivyolika.

Mwanzo ulikuwa utani. "Mama Riadha huyo! Unamkimbilia bwana gani?" Felisita, jirani yake na mwandani wa benchi, alimpigia kelele kutoka uani. Nyanjige akamjibu, "Wako, mpenzi!" wakacheka wote.

Kisha utani ukachacha. Watu walimwona na waya sikioni, midomo ikicheza kufuata kwaya, giza halijatoka vizuri. Anaongea na nani? Tangu aanze kutembea, si ndipo wizi umezidi? Na aliyekuwa akiuliza hivyo, tena kwenye benchi lile lile la dagaa, ni Felisita. Nyanjige alilijua jungu hilo. Alikuwa amewapika wengi humo, sasa yeye ndiye nyama.

Salamu zikaanza kukauka. Akitoa "Mwangaluka," anajibiwa na kikohozi.

Asubuhi moja alipita uani kwa Felisita, akawasikia wanawake wakiongea. Alipokaribia, wakanyamaza. Angetukanwa angejibu. Kule kunyamaza ndiko kulikomchoma. Akachukua ile hedifoni ya kushoto iliyoning'inia, akaichomeka sikioni.

Dunia ikazima.

Ilikuwa raha, asikufiche mtu. Ngoma zilimshika miguu. Mbwa wawili walisimama katikati ya njia, wamekodolea macho kule alikotoka. Akawazunguka. Mwanaume wa baiskeli akaja mbio, kinywa wazi, akimpungia mkono wote. Naye akampungia. Mwanamke akachomoka kwenye shamba la pamba na jembe, akampita bila kumtazama, kisha mwingine, kisha watatu, wote wakielekea kule anakotoka yeye.

"Leo watu wana mambo," akasema, akaongeza mwendo, akaimba kwa sauti.

Halafu akaona kivuli chake mwenyewe kimelala mbele yake, kirefu, na jua lilikuwa halijachomoza. Akageuka. Tochi. Nyuma ya tochi, wanaume na fimbo, midomo ikifunguka na kufunga bila sauti, kama samaki.

Mkono ukamnyofoa waya. Sauti zikamwagika zote kwa mpigo.

"...anaongea na wezi! Muoneni, anaongea nao!"

"Nilisema mimi!" Felisita alikuwa nyuma yao, anahema. "Ana simu masikioni!"

Bundala akasogea. Hakupaza sauti. "Mwano umepita juu ya kichwa chako, mayu. Umeupa mgongo."

"Sikusikia, baba." Akakibandua kiredio nguoni, akampa. "Ni kwaya tu. Hakina laini. Sikiliza mwenyewe. Weka zote mbili."

Fimbo zilibaki juu. Bundala akakipindua kile kiredio kiganjani, akachomeka sikio moja, kisha la pili. Watu wakasubiri. Uso wake ukalegea taratibu.

"Kumbe!" akasema kwa kelele, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Kumbe ni kwaya kweli!"

Hapo mwano ukapigwa tena. Safari hii Nyanjige aliusikia mpaka kwenye mifupa. Ulitoka bondeni, kwenye boma la Bundala mwenyewe.

"Kamanda!" mmoja akaita, akimgusa bega.

Bundala akainua kiganja kumnyamazisha. Alikuwa anatikisa kichwa kufuata ngoma, mgongo wake ukiwa umeelekea bondeni.

Nyanjige hakungoja. Sheria aliijua. Daktari alisema atembee, hakusema akimbie, lakini alikimbia, kitenge mkononi, kuelekea kwenye ule ukelele. Wengi wakamfuata. Felisita alikuwa ubavuni pake, hamtazami usoni.

Mbele kidogo akageuza shingo. Wanaume wachache hawakuwa wamekimbia. Walikuwa wamesimama nyuma ya Bundala, fimbo mkononi, wakimtazama kwa jicho lile lile walilomtazamia yeye.