Hakitupwi Kitu

Raudha alikuwa na sauti ya kupikia. Ndivyo mashoga zake walivyosema, na hawakumsingizia. Akishika simu kurekodi, sauti inalainika, inaingia madaha na vicheko, mpaka mtu mwenye ugali na chumvi tu nyumbani kwake anajiona yuko karamuni. Kundi lake la WhatsApp aliliita Sufuria Ndogo. Lilianza na majirani wa mtaani kwake Sofu waliochoshwa na bei za sokoni, likakua mpaka likawa na wanawake asiowajua hata kwa sura. Aliwatumia mapishi ya kwao Kisarawe: namna ya kuloweka maharage tangu jana yake ili mkaa usiteketee bure, namna ya kuunga kunde kwa karanga nazi ikipanda bei, namna ya kugeuza wali uliolala kuwa vitumbua. Kila pishi alilimaliza kwa maneno yale yale: mpishi aonje kwanza, ndipo atenge.

Jumatatu alituma kisamvu cha mpira. Mpira tunaousema hapa ni ule mti wa uani, ndugu yake muhogo, ambao watu wa Pwani wanaupanda kama uzio na kuusahau. Majani yake machanga yanatwangwa, yanachemshwa sufuria ikiwa wazi mpaka ukali uishe, kisha yanaungwa kwa tui, na aliyekionja kisamvu hicho hababaishwi na kingine. Raudha alieleza vizuri, hata la kutofunika sufuria hakulisahau. Ila mwishoni, kwa kunogewa na sauti yake mwenyewe, akachomeka maneno ambayo mama yake huyasema juu ya boga.

"Kwenye mti huu, mashoga zangu, hakitupwi kitu!"

Akacheka, akatuma. Sasa boga ni kweli, majani yake mboga, maua yake mboga, mbegu unakaanga unatafuna. Mpira si boga. Mzizi wa mpira ni sumu, na Kisarawe nzima inajua hivyo bila kuambiana, ndiyo maana Raudha hakuona haja ya kusema.

Kesho yake, alipokunja mswala baada ya swala ya adhuhuri, akafungua simu. Loyce alikuwa ametuma picha tangu asubuhi. Ilikuwa picha ya beseni lililojaa vipande vinene, vimemenywa vizuri, vyeupe pee. Chini yake Loyce ameandika: "Dada Raudha, Mungu akubariki. Mpira wa nyuma ya nyumba tumeung'oa wote. Majani tulikula jana, leo naiinjika mizizi. Watoto watashiba. Hakitupwi kitu!" Wanakundi walikuwa wamejaza mioyo na makofi. Kwa picha ungesema ni mihogo kabisa, na nani ana subira ya kusoma maandishi?

 Raudha akasoma tena, akiomba awe amesoma vibaya.

Loyce aliwahi kupanga chumba uani kwake, kabla mumewe Faustine hajaihamishia familia na ng'ombe wake kijijini Soga. Kwao ni Mbulu, kwenye mahindi na maziwa. Muhogo wenyewe aliujulia Sofu, kwenye kikaango cha Raudha, na tangu hapo likitoka mdomoni mwa Raudha lolote la jikoni, kwa Loyce lilikuwa limekwisha. Alikuwa na watoto wawili, Elinipa na mdogo wake wa kiume ambaye hajaanza shule.

Akapiga. Haipatikani. Akampigia Faustine, naye haipatikani, bila shaka yuko malishoni. Akajaribu kuandika kwenye kundi, vidole vikawa vinagonga herufi zisizo zao. Mwisho akabonyeza kurekodi, na safari hii sauti ilitoka kavu, haina madaha hata chembe: "Msile mizizi ya mpira. Ni sumu. Jamani, msile." Akaifuta rekodi ile ya Jumatatu. Kisha, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake, akampigia mama yake Kisarawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Mama, mtu akila mzizi wa mpira..."

Bi Hajira si mtu wa kunyamaza, hata msibani ana la kusema. Hakumwacha hata amalize.

"Nani kaula?"

"Sijui kama kaula. Loyce, yule mpangaji wangu. Mimi nilisema kwenye simu hakitupwi kitu."

"Hilo la boga hilo! Raudha! Na la mzizi hukusema?"

"Nani asiyejua, mama?"

"Wewe hukuzaliwa unajua! Nilikuchapa kofi la mkono ukiwa mdogo, umeukamata unataka kuutafuna. Huyo mwenzio nani alimchapa?" Bi Hajira naye sasa alikuwa anahema. "Mbuzi wa mjomba wako Seif alikula maganda yake tu, mwanangu. Akafa hatujawahi hata kumchinja. Usikae na simu. Nenda!"

Husseini, bodaboda wa kona ya mtaani kwake, alikuwa amejilaza juu ya pikipiki yake kivulini. Raudha alipanda kabla hajaamka sawasawa.

"Soga. Kimbiza, kaka yangu."

"Kuna msiba?"

"Usiseme hivyo!" alifoka, na Husseini akawasha pikipiki bila kuuliza tena.

Walipotoka kwenye lami, vumbi likamjaa machoni, naye hakulifuta. Kila walipopita aliuona mti ule. Mpira kwenye uzio wa fundi baiskeli, mpira nyuma ya madrasa, mpira umeegemea choo cha mtu. Miaka yote alikuwa akipita hapo akiona mboga ya bure. Sasa aliangalia chini ya kila shina. Akajikuta anapiga hesabu za kipumbavu: labda kuni zimekuwa mbichi, moto umechelewa. Labda Loyce kaenda kanisani. Labda sufuria imemwagika. Mtu mwenye hofu huomba sufuria ya mwenzake imwagike. Treni ya umeme ikapita kwa mbali, safi, na abiria wake ndani ya baridi, na Raudha akawachukia wote.

Nyumba ya Loyce ilikuwa kimya. Mlango wazi. Jikoni moto umezimika, na sufuria imelala ubavu. Kwenye mkeka kivulini watoto wawili walikuwa wamelala kifudifudi, hawajitikisi.

 Zile hatua chache kutoka kwenye pikipiki hadi mkekani Raudha alizimaliza kwa magoti. Akamshika Elinipa bega, akamtikisa, akamtikisa tena, na mtoto akafumbua macho, akapiga miayo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

 Raudha alimkumbatia, akamvuta na mdogo wake, akawanusa midomo kama wazimu. Walinuka vumbi na usingizi.

"Mmekula? Elinipa, mmekula nini?"

"Hatujala," mtoto alisema, na alikuwa amekasirika. "Mama kamwaga chote. Alionja akasema kichungu. Akasema labda hakijaiva, akachochea moto, akaonja tena. Mimi nikataka, akanikatalia. Akasema mama mkubwa Raudha anasema mpishi aonje kwanza."

"Mama yuko wapi?"

"Ndani. Kichwa kinamuuma."

Loyce alikuwa sakafuni, mgongo ameuegemeza kitandani, kanga imelowa matapishi. Alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu, kama aliyetoka kukimbizwa, na hata hivyo haikumtosha. Macho yalimwona Raudha, na uso wake, hebu fikiria, ukaingiwa na aibu.

"Dada," alisema kwa shida. "Nimeliharibu pishi lako. Nadhani nimekosea kuchemsha."

 Raudha alimwita Husseini kwa ukelele uliowatoa majirani. Mmoja akabaki na watoto. Walimpakia Loyce katikati, Raudha nyuma amemkumbatia kwa mikono yote miwili, na njia nzima hadi zahanati alikuwa akimwambia sikioni, "Pumua, mdogo wangu, pumua, ukilala nitakupiga," na alipohisi kichwa kile kinamlegea begani alimfinya kweli.

Walimtundikia dripu, wakamvalisha hewa ya mtungi. Raudha alisimama dirishani akiangalia kifua kikipanda na kushuka, na kila kiliposhuka aliogopa hakitapanda tena. Jua lilikuwa limeanza kulala muuguzi alipotoka nje.

"Atapona," alisema. "Alikula kidogo. Wale watoto, na miili yao ile, kila mmoja angekula sahani..." 

Faustine, aliyefuatwa malishoni na jirani, alifika na fimbo yake ya kuchungia mkononi, jasho linamtiririka. Aliingia, akamwona mkewe, akatoka akamshika Raudha mikono.

"Asante, dada. Umemwokoa mke wangu."

"Mimi ndiye niliyemwambia ale, shemeji," Raudha alisema, na hapo ndipo alipolia. Faustine aliendelea kumshika mikono, lakini hakusema asante tena.

Simu ikaita. Alikuwa Bi Hajira.

"Yuko hai, mama. Watoto hawakula."

"Alhamdulillahi." Mama alivuta pumzi, lakini sauti yake haikutulia. "Raudha, mke wa Halidi wa hapa jirani kaniletea simu yake sasa hivi. Anasema, sikiliza mwanao anavyojua kupika. Mimi nimesikia mpaka mwisho."

"Ile niliifuta, mama. Niliifuta mchana."

"Hii haikufutika. Kaipata kwa dada yake aliyeolewa Singida."

Raudha aliegemea ukuta. Singida nako mpira unaota, tena unapandwa uzioni vilevile.

"Mama, mwombe namba ya huyo dada. Nimpigie. Awaambie wote aliowatumia."

Akamsikia mama yake akiuliza. Akamsikia mke wa Halidi akijibu kwa furaha, hajaelewa bado, kwamba dada yake naye alitumiwa tu kwenye kundi la watu wengi, na huko nako iliingia kutoka kundi lingine, na aliyeituma hajulikani. Ila ni tamu, bibi, hebu isikie tena. Na pale Kisarawe, kwenye simu ya mtu mwingine, Raudha akaisikia sauti yake mwenyewe ya Jumatatu ikianza kucheka.