Aliyeshika Katikati

Kipindi cha mwisho siku ya Jumanne, Mwalimu Jovita alichora seli ubaoni, na kwa kuwa wanafunzi wake wote ni watoto wa Muleba, aliichora kama kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Miramura iliyopandwa mpakani ndiyo ngozi ya seli. Homoni ni mgeni aliyesimama nje, wala haingii. Humgusa aliyesimama mpakani, yaani kipokezi, na kipokezi huota alama mgongoni, upande wa ndani.

"Alama peke yake haifiki popote," alisema. "Inahitaji protini ya kati. Mkono mmoja unashika alama, wa pili unamshika anayefuata. Yenyewe haikati, haijengi, haichomi. Inashika tu, na habari inapita mpaka kwenye kiini."

Annastella wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Sasa, Mwalimu, hiyo ya kati inapata nini?"

Darasa likacheka. Jovita akafikiri kidogo. "Haipati kitu," alisema. "Na hilo halitoki kwenye mtihani." Kisha akafuta ubao, akajifunga kitenge, akawahi nyumbani, maana jua lilikuwa linashuka na baba yake alikuwa karibu kufika.

Baba huyo, Mzee Rutaihwa, alizikwa mwaka uliopita ndani ya kibanja chake mwenyewe, jirani na Rubya. Hata hivyo kila jioni alikuja kutokea upande wa rweya, kule kwenye majani wanakochunga ng'ombe, akiwa na koti lake la kanisani, na alipofika kwenye miramura alisimama. Kuingia hakuweza. Padri alipoulizwa alishauri tu wasimwache mzee wa watu kwenye mvua. Kwa hiyo mvua ikinyesha, mwanawe mkubwa, Aristides, alimshikia mwavuli juu ya ua.

Tata, kama walivyomwita wanawe, alinyoosha kidole akamgusa Aristides kifuani. Macho ya Aristides yakalegea, na katikati ya mabega yake kikaota kinundu chekundu, cha moto, cha ukubwa wa tunda la kahawa. Kiganja cha kushoto cha Jovita ndicho pekee kilichoenea pale. Mke wa Aristides aliwahi kujaribu, mkono ukateleza kama ameshika bamia. Kwa mkono wa kulia Jovita alimshika mdogo wao, Gozbert, na ni Gozbert aliyepata maneno. Aristides hakukumbuka kitu, Jovita hakusikia kitu. Gozbert alisema "Nimesikia," akachukua panga, akaenda kufanya alichoagizwa. Kibanja kilistawi hata majirani wakaja kuomba miche.

Jovita alikuwa na haja yake. Mumewe alipofariki huko Hamugembe, mashemeji walibadilisha kufuli kabla matanga hayajaisha, naye akarudi kwao na godoro na vitabu vyake. Alilala chumba kimoja na mama yake. Aliwaomba kaka yake na mdogo wake mahali pa kuweka vyumba viwili tu, apate pa kuzeekea, na siku yake ikifika apate pa kulazwa. Walimjibu kwa upole: Tata akisema, tutakupa.

Ndiyo maana kila jioni aliuliza, "Tata kasema nini?"

"Mambo ya migomba, dada," Gozbert alijibu, akijifuta kiganja kwenye suruali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jumatano Jovita alifanya kile wanachofanya wataalamu wakitaka kujua kazi ya protini: huinyima mkono mmoja, wakatazama. Kidole cha Tata kikagusa, kinundu kikaota, naye akaweka kiganja chake cha kushoto kama kawaida. Mkono wa kulia akauficha ndani ya kitenge. Gozbert akabaki amenyoosha mkono hewani.

Maneno yalikosa njia ya kutokea, yakabaki ndani ya Jovita. Aliyasikia kwa sauti ile ile ya zamani, yenye kikohozi.

"Mgomba wa pembeni una mnyauko, ukateni. Kahawa ya juu imeiva. Na Jovita yuko wapi? Nimewaambia mwambieni aje, nimwonyeshe kipande chake, kile cha chini karibu na kisima. Kila siku nawaambia. Mbona haji?"

"Tata, niko hapa," alisema Jovita.

Lakini habari hutoka nje kwenda ndani, hairudi. Tata aliendelea kumtazama Aristides kifuani. Jovita aliumia, akalia waziwazi, mkono wake ukiwa bado umeshika kinundu.

Baadaye alimkuta Gozbert akinawa miguu kwenye beseni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia, Gozbert?"

"Dada, alisema mwambieni aje. Wewe ulikuwa pale pale umetushika. Aliyepo haitwi."

Aristides alielezwa yote, akasikiliza kwa makini, kwa kuwa ni mtu wa haki. "Waitu, ndugu yangu, mimi sikatai," alisema. "Lakini kipande huonyeshwa mbele ya ukoo, mpaka ukapandwa miramura, watu wakaona. Nani ameona? Marehemu hakai kwenye kikao. Na ardhi ya ukoo, wewe mwenyewe unajua, haiendi kwa binti."

Mama yao alikuwa akimenya ndizi. Akachukua nyingine.

Asubuhi majani ya migomba yalikuwa yamegeuka manjano, kuanzia ile iliyo nyuma ya jiko la mama. Hakuna aliyemlaumu Jovita. Walimwuliza tu mama atakula nini.

Jioni alirudi mahali pake. Akaweka kiganja cha kushoto, akamshika Gozbert kwa cha kulia. Yale maneno, kwa kuwa yalishalala ndani yake usiku kucha, sasa aliyahisi yakipita: migomba kwanza, halafu kahawa. Kisha jina lake likaingia kiganjani, likapanda mkono, likavuka kifua, likashukia upande wa pili. Alikaza vidole ili lifike lote.

"Nimesikia," alisema Gozbert, akachukua panga, akaelekea kwenye mgomba wenye mnyauko. Nje ya miramura Tata alifunga vifungo vya koti, akabaki amesimama, akitazama njia ya nyumbani aone kama Jovita anakuja.