Nyumba Nyuma ya Pikapu

Asubuhi ile watu wa Soni walimkuta Rahabu Shemzigwa, mkunga mstaafu, amelala chali juu ya udongo mwekundu, kichwa kimezama chini ya pikapu. Waliodhani amegongwa walikuja mbio. Sauti yake iliwatuliza kutoka uvunguni: "Mimi mzima. Natazama tu gari lilivyounganishwa."

Kando ya pikapu ilisimama nyumba ndogo ya bati jeupe, yenye magurudumu mawili, kitanda, sinki na dirisha la pazia. Mtaalamu mmoja wa misitu aliishi humo kule Shume hadi mradi wake ulipofungwa. Ilipouzwa, Rahabu aliitolea kiinua mgongo chake chote. Ndiyo kwanza serikali ilikuwa imewaruhusu tena watu binafsi kufungua zahanati, naye alitaka kuigeuza nyumba hiyo zahanati, aipeleke Mlalo kila siku ya gulio, awapime wajawazito ambao hospitali iliwawia mbali. Gari lilikuwa la jirani yake Twaha, mchukuzi wa kabichi. Lililobaki ni swali moja: pikapu iishike nyumba hiyo wapi?

"Kwenye bampa," alisema Twaha. "Tunatoboa tundu, tunapachika ndoano, adhuhuri tuko Lushoto, mama."

Fundi Kristofa, mchomeleaji mwenye mvi na maneno machache, alifuta mikono. Alisema njia ni tatu. Bampa ndiyo nyepesi. Ya pili ni kufunga pao la chuma kwenye chesisi, uti wa mgongo wa gari, chini kabisa, na juu yake kichwa cha mviringo ambacho nyumba itakikumbatia. Ya tatu ni kusimamisha nguzo ndani ya bodi, juu ya ekseli. Hapo mzigo hutulia kuliko kote, ila pua ya nyumba, chuma chake cha mbele cha kuvutia, itabidi iundwe upya, na kabichi hazitakuwa na pa kukaa.

"Wewe ungechagua ipi?" Rahabu aliuliza.

"Nyumba ni yako, mama."

Jibu lile lilimkera, kisha likamtekenya. Kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa ametumwa kwa waraka: waraka wa dawa, waraka wa uhamisho, hata waraka wa rangi ya mlango. Leo hapakuwa na karatasi ya kumwambia la kufanya. Alijiona kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba ambacho amekuwa akifagia nje yake tu.

"Basi nionyeshe," alisema. "Bampa lina kasoro gani?"

Kristofa alimgeukia Twaha. "Unaniruhusu?"

"Vuta!" Twaha alijibu, kifua mbele.

Walifunga mnyororo kutoka bampa hadi kwenye kisiki cha mkaratusi. Pikapu ilisogea taratibu, mnyororo ukakaza, na bampa likajikunja kama jani la mgomba juu ya moto. Twaha alilitazama kama mtu aliyesalitiwa na nduguye.

"Litanyooka," Kristofa alimwambia kwa upole. "Heri limejikunja hapa kuliko kwenye kona."

Zilibaki njia mbili. Rahabu aliizunguka pikapu, akapima bodi kwa mikono yake. Nguzo ilimvutia; aliyejali uthabiti pekee angeichagua bila kusita. Lakini bodi ile ndiyo iliyolisha watoto wanne wa Twaha.

"Chesisi," alisema. "Sitainjika chungu changu kwa kubomoa jiko la mwenzangu."

Twaha aliokota spana akaingia uvunguni mwenyewe.

Chuma kilipokwisha kufungwa, Rahabu aliuliza tena. "Na ikiyumba?"

"Ikiwa nyepesi puani, mkia utaliendesha gari," Kristofa alieleza. "Pua ibebe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote."

Kibao cha mlangoni kilisema kilo mia saba. Rahabu alitoa mizani yake ya kupimia akina mama, akaiweka chini ya pua ya nyumba: kilo thelathini na nane. Walisogeza pipa la maji mbele, wakapima. Wakahamisha kabati la dawa, wakapima tena. Mshale uliposimama kwenye sabini, alipiga vigelegele peke yake.

Safarini, walipokwisha kuipita Lushoto, kwenye kona iliyoinama bondeni, lori la mbao lilijitokeza ghafla. Twaha alikanyaga breki. Nyumba iliwasukuma mara moja, kwa uzito, kisha ikatulia nyuma yao.

"Umeisikia?" Twaha alinong'ona.

"Nimeisikia. Endesha, mwanangu."

Gulioni Mlalo watu waliizunguka nyumba, wakachungulia dirishani, wakagonga bati, lakini hakuna aliyeingia. Mwishowe alisogea muuza magimbi mmoja, Mwanaheri, mjamzito wa miezi minane.

"Shikamoo mama. Mimi siumwi. Nataka tu kuona mlivyopanga ndani."

"Marahaba. Karibu uone."

Alipanda vidato viwili, akapumzika kwa kushika mlango. Alifungua kabati, akafungulia bomba, akacheka maji yalipotoka. Kisha aliketi kitandani kukijaribu, miguu ikining'inia. Kamba za ndara zilikuwa zimechimba mifereji kwenye nyama iliyovimba.

Rahabu, macho kwenye miguu ile, alilivuta pazia polepole.

"Na mimi kuna kitu nataka kuona," alisema, akitwaa kipimo cha presha. "Nipe mkono wako."