Upande wa Kushoto wa Wijdan

"Mama Zeinab, huyu msichana wenu siku hizi ana madharau ama hanioni?"

Swali hilo aliniuliza Emmah, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah, jioni moja tulipokutana nje tukitupa taka. Emmah ni Mkenya mwenzangu, yeye wa Vihiga na mimi wa Mombasa, anafanya kazi nyumba ya pili. Alikuwa ametoka soko la Kandara na mfuko wa unga wa ugali, akasimama kando ya lango letu kumsalimia Wijdan, binti wa madam wangu, alipokuwa akishuka garini. Wijdan akampita kama anayepita nguzo.

"Nimempungia mkono hapa hapa," Emmah akasema. "Mtoto mwenyewe mimi ndiye nilimfunza kusema mambo, akajibu poa mpaka madam wangu akacheka. Leo ananipita kama mimi ni tangi la maji."

"Amechoka na hoki."

"Hoki gani hiyo ya kumkausha mtu shingo?"

Nikacheka, nikaingia ndani. Lakini swali liliingia nami. Emmah alikuwa amesimama upande wa kushoto wa mtoto, karibu kabisa, na Wijdan hakuwa mtu wa kumnyima salamu hata paka wa jalalani.

Mimi ni mjane. Mume wangu, Allah amrehemu, alikuwa mpakizi bandarini. Gunia lilikatika kamba likamgonga kichwa, akainuka, akajipangusa vumbi, akasema si kitu. Siku iliyofuata akinyoosha mkono kushika kikombe anakikosa. Kisha asubuhi moja aliinama kufunga kiatu, hakuinuka tena. Tangu hapo mtu akiniambia kichwa kinamuuma, mimi humtazama mikono kwanza.

Basi nikaanza kumtazama Wijdan. Nimemlea tangu ana meno ya maziwa, na ananiita khala kama anavyomwita ndugu ya mama yake. Jikoni kwetu mlango ni mwembamba. Nikaona kila akiingia anajigonga bega la kushoto kwenye ubao wa mlango. Anasema "ah", anaendelea. Kesho yake tena, bega lile lile. Nikamtilia juisi, nikaiweka kushoto kwa sahani. Akala akamaliza, akauliza, "Khala, leo mafi juisi? Hakuna?"

Juisi ilikuwa pale pale.

Nilimfuata chumbani. Mapazia yamefungwa, taa imezimwa, na kwenye pipa dogo kuna harufu ya matapishi. Nikakaa kitandani, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Umeanguka wapi?"

Akavuta shuka mpaka kidevuni. Halafu akasema. Hoki yao ni ile ya barafuni. Wasichana huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini na kofia ngumu kichwani, wakikimbiza kwa magongo kidude cheusi kigumu kama jiwe. Timu ya Jeddah ilikuwa imevunjika mwaka uliopita. Ilifungwa kila mechi, kocha akaenda zake, wakubwa wakaolewa au wakaenda vyuoni. Sasa klabu imemleta kocha mpya, mwanamke mrefu kutoka Finland, aisuke upya kwa wasichana wadogo, na mchujo wa mwisho ni Riyadh. Nafasi ya winga wa kushoto imebaki moja, na wanaoitaka ni wawili: Wijdan, na Ruba, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Walikwenda kujinoa wenyewe, wao wawili tu, bila kocha. Gongo la Ruba likamnasa Wijdan mguu, akaruka na kichwa mpaka kwenye ukuta wa uwanja. Na kofia alikuwa ameiacha wazi kidevuni, haikufungwa.

"Mwambie mama yako," nikasema.

"Akijua, siendi Riyadh. Ni maumivu tu, yatapita. Khala, nimeingoja hii tangu nina miaka kumi." Akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili. "Niapie hutasema. Sema wallahi."

Alikuwa analia bila sauti, na kilio chake hicho nakijua. Nikaona labda kweli ni jambo la siku moja mbili. Nikasema wallahi, sitamwambia mtu.

Sikuwahi kujitia hofu kubwa hivyo kwa neno moja.

Siku zilizobaki kabla ya safari nilikuwa kama mtu aliyeacha gesi wazi na hawezi kurudi kuifunga. Nikisikia kitu kimeanguka juu, napanda ngazi. Akichelewa bafuni, nakung'uta zulia mbele ya mlango wa bafu mpaka atoke. Josphat, dereva wetu, mtu wa Machakos, mlokole asiyekosa utani, alinikuta nimesimama chini ya ngazi na ufagio, sifagii.

"Mama Zeinab, wewe huogopa kila kitu. Hata blenda unaisomea bismillahi mara mbili."

"Josphat, mtu akiapa kunyamaza, na akaona moto?"

Akaacha kucheka. Hakuniuliza moto gani. Yeye ndiye anayempeleka mtoto kila mahali, na ana macho. "Nitakwambia kitu," akasema. "Siku utakayosema, madam hatauliza mtoto anaumwa wapi. Atauliza ulijua lini. Na ikama yako iko kwenye droo yake."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kufukuzwa niliogopa, sitajifanya shujaa. Lakini nikiweka ikama, kibali changu cha kuishi huku, upande mmoja na kile kiatu cha mume wangu kisichofungwa upande wa pili, najua kipi kilinikosesha usingizi.

Tulikwenda Riyadh kwa gari, kwa sababu mabegi ya hoki ni makubwa kama ya maiti, Mungu anisamehe. Madam mbele na Josphat, sisi watatu nyuma: Ruba dirishani, Wijdan katikati, mimi upande wa pili. Tulipoiacha Taif, Wijdan akalala, na usingizi wake haukunipendeza, mzito, mdomo wazi. Nikawa kila baada ya muda napeleka kidole chini ya pua yake nisikie pumzi. Mara moja nilipofanya hivyo nikainua macho, nikakuta Ruba ananitazama. Uso wake ulikuwa mweupe. Akageukia jangwa.

Uwanja wa Riyadh ulikuwa baridi mpaka meno yanagongana. Madam alikaa juu na kahawa yake pamoja na kina mama wengine, nami nikakaa karibu na kizuizi na chupa za maji na taulo. Wakiwa wamevaa, wote ni sawa, huwezi kujua mtoto ni wa nani isipokuwa kwa namba mgongoni. Nilimtambua wangu kwa namna alivyokuwa akigeuza kichwa chote kama kuku ili aone upande mmoja. Msichana mkubwa wa Riyadh alimjia kwa kushoto kwa kasi. Wijdan hakumwona kabisa. Yule alikwepa mwenyewe dakika ya mwisho, akampita kwa upana wa kiganja, akamwambia kwa kejeli, "We wa Jeddah, hapa si sebuleni kwenu."

Wenzake wakacheka. Wijdan naye akacheka, lakini alikuwa akitafuta sauti imetoka wapi.

Mapumziko nikaingia vyumba vya kubadilishia kupeleka maji. Ruba alikuwa peke yake kwenye benchi, akifunga kamba za kiatu, anafunga anafungua.

"Khala," akasema bila kuinua kichwa, "wewe unajua."

Nikamshikisha chupa ya maji. Yamini yangu, kile kiapo, ilikuwa mdomoni kama kufuli.

"Mimi nikisema, watasema nataka nafasi yake. Yeye mwenyewe atasema hivyo. Na mimi ndiye niliyemwangusha." Akavuta kamba mpaka vidole vikawa vyekundu. "Kipindi cha pili kocha anatupanga sisi wawili tukabiliane, mwili kwa mwili. Nimeambiwa nimbane ukutani. Kushoto."

"Usimbane."

"Nisipombana, kocha ataniona mimi mwoga na yeye hodari, naye atacheza mwaka mzima akiwa hivyo. Nikimbana..." Akaifungua kamba tena.

Nilitoka nikaenda chumba cha kuswalia, maana Alasiri ilikuwa imeingia. Nilipokuwa kwenye sijda nikamkumbuka mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, Mwalimu Athmani, aliyekuwa akitufundisha na kiboko mapajani: mwenye kuapa, kisha akaona lililo bora kuliko alichoapia, na alifanye lile lililo bora, na aitolee kafara yamini yake. Nilikuwa nimelisoma nikiwa mtoto kama wimbo. Sikujua kwamba siku moja litanisimamisha kwenye miguu. Nikatoa salamu, nikavaa viatu vyangu, nikapanda ngazi moja kwa moja hadi kwa madam.

Nikamwambia yote. Kina mama wengine wakageuza vichwa.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Tangu wiki iliyopita, madam."

Alinitazama. Nilijua kinachofuata, nikaanza moyoni kukunja nguo zangu. Lakini chini filimbi ilikuwa imelia na wasichana walikuwa wanarudi kwenye barafu. Madam akaacha kikombe, akashuka ngazi mbio huku abaya imemnasa miguuni, akagonga kioo kwa kiganja mpaka kocha akageuka. Ruba alikuwa ameshaanza kumwendea Wijdan. Alipoona kocha anainua mkono, alijiangusha mwenyewe chini, akakaa pale pale barafuni na kofia yake mikononi.

Hospitali walikuta damu imekaa chini ya fuvu, upande wa kulia, inabonyeza polepole. Wakamnyoa nywele upande huo, wakamtoboa, wakaitoa. Daktari alisema kishindo kimoja zaidi, basi. Hakufafanua basi ni nini.

Tulipokuwa tumekaa nje ya chumba cha upasuaji, madam akaniambia kwa sauti ndogo, "Nitamwambia Wijdan kuwa kocha ndiye aliyemshuku. Hii ibaki kwetu. Nikimwambia ni wewe, hatamwambia mtu kitu tena maisha yake yote." Kisha akavuta abaya yake magotini, "Halas, imekwisha. Kuhusu ikama tusizungumze." Nikasema alhamdulillahi, na hofu moja ikanishuka. Nilidhani hofu iliyokuwa imebaki ni hiyo tu.

Tukarudi Jeddah. Nafasi ya winga akapewa Ruba. Wijdan alipoambiwa aligeukia ukuta. Daktari alimkataza simu na mwanga mkali, akawa anashinda jikoni nami, kitambaa kichwani, akinitazama nikikata vitunguu. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana pamoja, yeye na mimi, kwenye meza ndogo, kama alipokuwa mdogo. Alikuwa akisema, "Kocha hangejua peke yake. Nikimjua aliyemwambia, khala, wallahi sitamsemesha." Mimi naosha sufuria.

Kafara yangu ilikuwa imebaki shingoni. Kulisha masikini kumi sikuweza, jiko nililokuwa napikia halikuwa langu wala mchele haukuwa wangu. Ikabaki kufunga siku tatu. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafii si lazima kuzifululiza, ningeweza kufunga Alhamisi hii na Jumatatu ile, pole pole, mtu asijue. Lakini niliogopa kufa nayo. Baada ya yale niliyoyaona, kesho sikuiamini tena. Nikaanza Jumapili.

Siku ya kwanza nikamwambia tumbo haliko sawa. Siku ya pili ikawa Jumatatu, akasema, "Unafunga sunna, khala? Niombee." Nikamwombea kweli.

Jumanne nilimpakulia wali na samaki, nikamwekea kijiko, nikarudi kwenye sinki. Sikusikia akila.

"Khala, njoo ule."

"Kula wewe."

"Umefunga?"

Nikasema ndiyo. Ningesemaje jingine mdomo wangu ukiwa na saumu.

"Jumatatu ni sunna," akasema, taratibu, kama anayefanya hesabu za shule. "Jumapili si sunna. Jumanne si sunna. Deni la Ramadhani ulilimaliza Shawwal, tulifuturu pamoja hapa hapa." Akakunja kidole cha tatu. Huku kwao mambo haya wanafundishwa mapema, na tena wanafundishwa kuwa siku hizo tatu zifuatane. "Siku tatu mfululizo ni za kafara."

Maji yalikuwa yanatiririka. Nikayafunga.

"Uliapa nini, khala, ukavunja?"

Niligeuka. Alikuwa amekaa wima, na macho yake yote mawili yalikuwa juu yangu, yameniona nzima, kushoto na kulia. Nilitaka kumweleza kiatu cha mume wangu. Nilitaka kumwambia jinsi nilivyoweka kidole chini ya pua yake njia nzima ya jangwa. Nikasema tu, "Nilikuapia wewe."

Hakulia safari hii. Akaweka kijiko kando ya sahani, akakinyoosha kikae sawa, akainuka. Kitambaa kilimteleza kidogo, nikaona nywele changa zinaanza kuota pale walipomtoboa. Akapita mbele yangu, akapita kwenye ule mlango mwembamba, na bega lake la kushoto halikugusa ubao.