Betri Zilizoiva

Kwa miezi minne vijana kumi na wawili wa Mpanda mjini walijifunza kutengeneza redio bila kuigusa redio. Usicheke, wao wenyewe walicheka mpaka mbavu zikazoea. Darasa lilikuwa stoo ya zamani ya mgodi, viti ni maboksi ya misumari, na vifaa vya mafunzo ni ubao mmoja na chaki nyeupe. Mwalimu Melkior alichora waya mwekundu kwa chaki nyeupe, akachora waya wa kijani kwa chaki ileile, halafu akauliza upi ni upi. Ponsian alijibu kwamba mwekundu ni ule wenye aibu.

Ponsian alikuwa na miaka ishirini, kidato cha pili kichwani na mfuko usio na kitu. Kabla ya kozi alikuwa mtu wa stesheni: treni ikiingia anabeba mizigo ya watu, isipoingia anabeba habari zao. Mwaka huo wa sabini na tano mgambo wakapita wakizoa kila kijana asiye na kazi. Vijana wakaambiwa wachague: jembe kijijini Sibwesa, au kozi ya ufundi redio, maana vijiji vilikuwa vinaundiwa vikundi vya kusikiliza redio, na redio ikiugua huko haina mganga. Ponsian akachagua redio. Mama yake, Romana, akatangaza soko zima kwamba mwanawe sasa ni fundi, na karanga zake akaziuza kwa jina hilo.

Redio moja ilikuwapo. Ilikaa ofisini kwa Ndugu Maximilian, mratibu wa kozi, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Kila wiki wanafunzi walipaswa kuketi kuisikiliza. Kila wiki Ndugu Maximilian aliwaambia betri zinatunzwa, kisha akaandika ripoti kwamba wamesikiliza vizuri sana. Wakiomba kuifungua, jibu lilikuwa moja: mali ya umma haichokonolewi. Pelagia, binti mwenye ulimi mkali kuliko bisibisi, alimwuliza kama wakunga nao hufundishwa kwa kuchorewa tumbo ubaoni. Akafagishwa uwanja siku mbili.

Alhamisi moja habari ikaja kwamba Jumatatu mkaguzi atafika kutoka Sumbawanga. Ndugu Maximilian akaona itakuwa aibu mkaguzi akikuta mafundi ambao hawajui hata redio ina vifungo vingapi. Akaileta mwenyewe, akaiweka mezani, akasema waitazame kwa macho tu, kwa kuwa macho hayaachi alama za vidole. Mara karani akamwita nje.

Mlango ulipofungwa, Ponsian akaiinua redio akaitikisa. Ndani kukasikika kitu kama chumvi kwenye kibuyu. Mwalimu Melkior alimwambia aiweke chini, ila alisema kwa sauti ya mtu anayetamani asitiiwe. Ponsian akatoa bisibisi mfukoni. Kwa miezi minne alikuwa akiileta darasani na kuirudisha nyumbani, kama mtoto aliyekataliwa shule. Skrubu nne, na mgongo wa redio ukatoka.

Betri zilikuwa nne, zimevimba, karatasi zake zimechubuka zote, na zimetapika unga wa kijani uliokula spring ya kushikilia betri mpaka ikabaki nusu. Sasa, Mpanda nzima huanika betri juani zikichoka. Wapo wanaoziweka kando ya jiko. Lakini karatasi ichubuke namna ile, hilo ni sufuria. Mtu alizichemsha.

Pelagia akainama akanusa. "Hizi zimeiva," akasema. "Zimekosa chumvi tu."

Kicheko kikalipuka, na Ndugu Maximilian alikuwa amekwisha kurudi, amesimama mlangoni. Hakufoka. Aliziangalia betri kama mtu aliyekutana na shemeji zake wa shamba mbele ya wageni, na kwa namna alivyoziangalia hakuna aliyeuliza tena mpishi ni nani. Akawatoa wote nje, akawabakiza Ponsian na mwalimu.

Akaweka karatasi mezani na kueleza mambo kwa upole, upole ule wa kumwekea mtu mto kabla ya kumkalia. Ponsian aandike kwamba redio ilikuwa nzima mpaka leo, na kwamba ameiharibu yeye kwa kuifungua bila ruhusa. Makosa ya ujana, mkaguzi ataelewa. Akiandika, atapata cheti na karakana. Akikataa, lori la Sibwesa linaondoka Jumamosi, na jina lake litakuwa la kwanza.

Ponsian akasema spring anaweza kuitoa kwenye tochi mbovu, na mpaka Jumatatu redio itakuwa inaongea.

"Sihitaji fundi," Ndugu Maximilian akamwambia. "Nahitaji mkosaji."

Tusimpambe Ponsian, alishika kalamu. Aliwaza cheti, akawaza mama yake pale sokoni, akaona uongo wenyewe ni mstari mmoja tu. Akaandika "Mimi Ponsian," mkono ukasita. Fundi ambaye kazi yake ya kwanza, tena kwa maandishi yake mwenyewe, ni kuua redio, nani atamletea ya pili? Akayakata yale maneno mawili, na chini yake akaandika kama walivyofundishwa kujaza taarifa ya ufundi:

Ubovu: spring imeliwa. Sababu: betri zimechemshwa, si leo wala jana. Dawa: spring mpya, na betri zisipikwe. Fundi: Ponsian.

Ndugu Maximilian akanyoosha mkono aichukue, lakini mwalimu Melkior alikuwa amemtangulia. Akaisoma polepole, akatoa kalamu yake, akaandika chini "Imekaguliwa" na kutia sahihi. Sahihi ikatoka kama njia ya siafu. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Mkaguzi nitampa mwenyewe," akasema.

Jumamosi asubuhi lori lilinguruma mbele ya soko, limejaa vijana na majembe. Ndugu Maximilian alisimama chini na orodha, anaita jina na kazi ya mtu.

"Ponsian, mkulima."

Ponsian yuko juu ya magunia ndani ya lori, anamtazama. Akaitwa tena. Akina mama wa karanga wakaanza kusogea, Romana mbele yao, mikono kiunoni.

"Huyo mkulima simjui, Ndugu," Ponsian akasema. "Kama unamtafuta Ponsian fundi redio, nipo."

Akaulizwa cheti chake kiko wapi.

"Kiko mfukoni kwa mwalimu. Kitasomwa Jumatatu."

Soko likacheka. Dereva akapiga honi, akauliza kwa sauti kama wanangoja mvua iwakute njiani kwa ajili ya neno moja. Ndugu Maximilian akakata "mkulima," akaandika "fundi."

Ponsian akainama kutoka juu ya magunia ili aone vizuri, kisha akamwomba, kwa heshima zote, aandike kwa herufi kubwa.