Ubao Mkubwa wa Tata Ngeleka

Mchana Tata Ngeleka alikuwa fundi wa umeme mgodini. Jioni alipigia madimba kundi la ngoma la Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi mjini Kolwezi. Ukimuuliza mwenyewe, umeme ulikuwa kibarua tu. Kazi ilikuwa madimba, zile mbao zilizopangwa juu ya vibuyu.

Mgodi ulipoporomoka na mishahara kukatika, watu walitafuta wa kulaumu, wakawaona majirani zao wenye asili ya jimbo la Kasai. Ngeleka alizaliwa Kapata hapo hapo. Haikumsaidia kitu. Vijana walipita nyumba kwa nyumba, na familia nzima nzima zikasukumwa stesheni kungoja treni ya kwenda Kasai.

Asubuhi ya kuondoka alimpitia jirani yake Mado, kiongozi wa nyimbo za kundi, akayaweka madimba uani. Akafungua ubao mmoja, ule mkubwa wenye sauti nzito, akauviringisha kwenye kitenge. Ndivyo ilivyokuwa desturi yao: mpigaji akisafiri hubeba ubao mkubwa, na madimba yanayobaki hayauzwi wala hayatiwi ubao mwingine.

"Mama Mado, ni weye njo naachia. Chunga muzuri."

"Utarudia, tata?"

"Mi nikikosa kurudia, ubao utarudia."

Mado alilia pale pale uani, na wala hakuona haya. Kisha wale vijana walipokuja kuuliza mtu wa Kasai ameacha nini, alifuta macho akawajibu kwamba ameacha kuni. Na vijana hao ni yeye mwenyewe aliyewafuta kamasi walipokuwa watoto! Madimba akayaning'iniza jikoni, juu ya meko, ili moshi uyalinde na mchwa. Kila alipopika ugali aliinua macho kuyatazama.

Miaka ikapita. Chuki ikapoa, ingawa nyumba ya Ngeleka walikaa wengine. Wageni wakaanza kuja Kolwezi kuona mashimo ya shaba ya mababu, vinyago na ngoma, na serkle, ukumbi wa zamani wa starehe wa wafanyakazi wa Kapata, ikageuzwa nyumba ya urithi. Mkuu wake alikuwa Louis, kijana wa suti iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Akalitaka kundi la Mado lifungue nyumba hiyo. Aliposikia madimba, akakunja uso.

"Mama, mu iyi nyimbo kuko shimo. Menuisier wa Dilala atachonga ubao ingine."

"Hapana."

"Basi nitaita kundi ya Sandoa. Bageni hawatakuya kusikia shimo!"

Wanawake wa kundi walimjia juu Mado. Wamengoja miaka yote hiyo, leo wakose nafasi kwa sababu ya ubao wa mtu aliyekwenda? Mado alihisi moyo unampasuka, maana walisema kweli. Lakini ahadi nayo ilikuwa kweli. Mwishoni akawaambia, "Pale sauti inakosekana, tupige muguu chini. Shiye bote, mara moya."

Siku ya ufunguzi miguu ile ilitikisa serkle nzima. Wageni waliuliza ina maana gani, na Mado akawaeleza yote, bila kuwaficha hata habari ya treni. Waliokuwa wakipiga picha wakaacha kupiga. Baada ya hapo watu wakawa wanakuja Kapata kusikia shimo lenyewe, na Louis akajitia kwamba wazo lilikuwa lake.

Habari ikafuata reli mpaka Kasai. Siku moja mwanamke akaingia serkle na kitenge kilichofifia mkononi.

"Mi ni Tatiana, mutoto ya Tata Ngeleka. Baba alikufa. Alisema ubao urudie."

Mado alimkumbatia asitake kumwachia. Wakaufunga ubao mahali pake, akaugonga. Lo! Sauti ikatoka chini mno, haipatani na nyingine hata kidogo.

"Ni mi!" Mado akashika kichwa. "Ni moshi yangu! Nilikausha mbao, sauti zikapanda. Nilichunga mpaka nikaharibu!"

Louis akasema ni jambo dogo, ubao uchongwe kidogo kwenye ncha, sauti yake itapanda.

"Tusiuguse," akasema Mado. "Ule ulifukuzwa, ukarudia vile ulienda. Shiye tulibakia, shiye njo tutashuka."

Wakaketi sakafuni, yeye na Tatiana, wakabandika nta chini ya kila ubao mwingine ili iuongezee uzito, wakigonga na kusikiliza, mpaka sauti zote zikashuka kuufuata ule mkubwa. Louis alivua koti akawayeyushia nta.

Kisha Tatiana akapiga, kama baba yake alivyomfundisha. Wimbo ulipofika mahali pale, ubao wa Ngeleka ukanguruma, na miguu ya wanawake, iliyokwisha kuzoea, ikapiga chini pamoja nao.