Kilicho Mbali Hakikupungua

Dorkas alifunguliwa bandeji mjini Same, akapanda gari hadi kwake mlimani Shighatini, akaketi uani kuchambua maharage. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaondolewa. Mbele yake kuku alikuwa akidonoa mchanga. Akamrushia punje. Kuku huyo alikuwa Lembeni, chini kabisa kwenye tambarare.

Tangu siku hiyo kilicho mbali hakikupungua ukubwa machoni pake. Treni ilipopita huko chini, Dorkas aliinuka kuipisha. Jirani yake Ernesta akazoea kuja kumuuliza kama basi limeshafika barabara kuu.

Alirudi kliniki. "Jicho hupima umbali kwa udogo wa kitu," muuguzi Fadhila alimweleza. "Lako limeacha kupima. Wengine hubaki wakitokwa machozi tu. Endelea na matone, mama."

Kilichomkosesha usingizi ni Blandina, mjukuu wake. Eliezeri, mdogo wa marehemu mumewe, alimchukua akamsomeshe Lembeni, ambako alikuwa na mgahawa. Asubuhi moja Dorkas alimwona mtoto mbele yake, mkubwa vile vile alivyo, akisugua sufuria kwa majivu, vidole vimechubuka. Akapiga simu.

"Blandina yuko darasani, shemeji," alisema Eliezeri.

"Yuko kushoto kwako."

Eliezeri aligeuka kushoto. "Basi leo hajaenda," alisema.

Kesho yake pia hakwenda. Dorkas akampigia mwanawe Rodrick, baba wa mtoto, aliyekuwa dereva wa lori la Eliezeri.

"Mimi namwona kila siku, mama, kwa macho haya haya ya kawaida. Nikimchukua, narudisha funguo za gari. Nyumbani tutakula nini?"

Dorkas alinunua kitambaa cha sare ya shule, na kila Blandina alipoinuka kumwaga maji machafu, alimpima kwa macho: mabega, kiuno, urefu wa sketi. Akashona. Swalehe wa bodaboda akashuka na mfuko hadi Lembeni.

Sare ilimkaa kama amepimwa kwa futi. Blandina alifunga vifungo vyote, akaugeukia mlima, midomo yake ikasema shikamoo.

"Marahaba," alisema Dorkas uani.

Mtoto akaikunja sketi vizuri magotini isichafuke, akachuchumaa, akavuta sufuria nyingine.